Nsambya Hakuna Theluji, Acheni Kuyafungia Makangaga!



Wapo kati yetu ambao ikifika Desemba huyaondoa makangaga barazani na kuyafungia sebuleni, mapazia yameshushwa. Ukiuliza sababu, utaambiwa kitabu kimesema yaingizwe ndani wakati wa baridi.

Kitabu cha wapi? Uingereza baridi hugandisha maji, na kangaga la nchi za joto likiachwa nje hufa. Kampala iko karibu na ikweta, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu haigandishi hata bakuli la maji! Adui wetu ni kiangazi cha Desemba hadi Februari: jua kali na hewa kavu. Ukiliweka kangaga gizani, umelinyima mwanga na kiu iko palepale.

Basi liacheni barazani, kivulini penye mwanga. Guseni udongo, ukianza kukauka juu, mwagilieni. Maji yaliyooshea mchele yanafaa, na ya udhu pia mkiyakinga kwa beseni. Chungu kiwe na tundu, mizizi isioze.

Wazazi, wakabidhini watoto kazi hii. Wasome vitabu, lakini wajue pia kutazama anga la kwao.