Upepo wa Matairi Usipuuzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu upepo wa matairi ya magari yanayotumwa vijijini.

Mwezi uliopita gari la wagonjwa lilikuja kijijini kwetu kumchukua mama mjamzito. Likirudi naye, lilizama kwenye mchanga wa korongo. Tulisukuma hadi tukachoka. Ndipo mzee mmoja, dereva mstaafu, alipotoa upepo kwa kijiti. Matairi yakalala kidogo, gari likatoka.

Siri yenyewe ni ndogo. Tairi gumu huchimba mchanga, bali lililopunguzwa upepo hutanuka na kukanyaga eneo kubwa. Paundi 35 hivi za barabarani zikishushwa hadi 18, gari hupita. Lakini ukifika barabara ngumu sharti ujaze tena, kwani tairi legevu likikimbizwa hupata moto na kupasuka. Dereva yule hakuwa na pampu wala kipimo. Alikwenda mwendo wa kinyonga kilomita 30, na mama akajifungulia njiani. Tunashukuru, yeye na mtoto ni wazima.

Je, gari la mamilioni ya shilingi linakosaje pampu? Nawaomba wahusika kila gari la aina hiyo lipewe pampu na kipimo, na madereva wakumbushwe kupima upepo matairi yakiwa baridi, wakifuata maelezo yaliyobandikwa mlangoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Dodoma.