Mkopeshaji Asimame Nje: Ruhusa ya Betri, Mikopo ya Simu na Faragha ya Maskini

Kati ya maombi yote ambayo programu tumishi huyaleta mbele ya mwenye simu janja, ombi linalohusu betri huonekana kuwa dogo kuliko yote. Programu ikiomba kusoma orodha ya majina, ujumbe mfupi au picha, hata mtu asiye mtaalamu husita kidogo. Lakini ikiomba kufuatilia matumizi ya betri, wengi hawaoni cha kuwafanya wasite. Betri hujaa, huisha, huchajiwa tena. Kuna siri gani hapo? Kumbe, ndani ya ombi hili dogo zimo habari nyingi kuhusu maisha ya mtu, na hasa kuhusu umaskini wake. Tunapenda kulitafakari jambo hili pamoja nanyi, ndugu wasomaji, kwa sababu liko karibu sana na suala la mikopo ya simu inayozitesa familia nyingi katika parokia zetu.

Kwanza tutofautishe mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kiwango cha chaji: asilimia iliyobaki, na kama simu iko kwenye umeme au la. Katika simu zinazotumia mfumo wa Android, ambazo ndizo nyingi zaidi katika nchi zetu, habari hii husomwa na programu yoyote bila kuomba ruhusa. La pili ni ombi la programu kuachwa ifanye kazi wakati wote bila kubanwa na utaratibu wa kuokoa chaji. Hapo programu haiombi kusoma habari, bali inaomba isizimwe simu inapopumzishwa. La tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni ruhusa ya kusoma takwimu za kina za betri: programu ipi imetumia umeme kiasi gani, kioo kimewaka kwa muda gani, simu imeamshwa na nini usiku, mtandao na GPS vimetumika kwa muda gani.

Ruhusa hii ya tatu ina historia yake. Hapo awali programu ya kawaida iliweza kuipata kwa kuiomba tu wakati wa kupakuliwa. Katika toleo la Android 4.4, lililotoka mwaka 2013, Google iliifunga, ikabaki kwa mfumo wenyewe na programu zilizoidhinishwa na watengenezaji wa simu. Tangu hapo, mwenye simu anayetaka kuipatia programu nyingine hana budi kufungua sehemu iliyokusudiwa kwa watengenezaji wa programu, kuunganisha simu na kompyuta, na kuandika amri maalumu. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu njema kabisa: chaji inawahi kuisha, nao wanataka kujua ni programu gani inayoila. Programu za kuchunguza betri zipo kwa ajili ya kazi hiyo, na hatuna neno baya juu yake. Hata hivyo, mlango unaohitaji kompyuta na amri ya maandishi ili ufunguke si mlango wa sebuleni. Ni mlango wa chumba cha ndani, na anayeufungua yapasa ajue kilichomo.

Tafiti zimeonesha kwamba betri husema mengi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Israeli, walionesha kwamba kwa kusoma tu jinsi simu inavyotumia umeme, inawezekana kutambua njia aliyopita mwenye simu kati ya njia zilizopimwa kabla, bila kuigusa GPS. Sababu yake si ngumu kueleweka. Simu iliyo mbali na mnara, au iliyokingwa na jengo au mlima, hutumia nguvu nyingi zaidi kuufikia mtandao; hivyo kila njia huacha alama yake katika matumizi ya chaji. Mwaka huohuo watafiti wa Ufaransa na Ubelgiji walionesha kwamba tovuti zilizoweza kusoma hali ya betri kupitia kivinjari zingeweza kumtambua mtumiaji yuleyule katika kipindi kifupi, hata kama amejaribu kujificha. Mozilla ikaiondoa huduma hiyo kwa tovuti katika kivinjari chake cha Firefox mwaka 2017.

Wafanyabiashara nao wameona thamani ya habari hii. Mwaka 2016 Keith Chen, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa kiuchumi wa kampuni ya Uber, alieleza katika mahojiano ya redio nchini Marekani kwamba kampuni ilibaini kuwa watu ambao chaji ya simu zao inakaribia kuisha huwa tayari zaidi kukubali nauli iliyopandishwa. Alisema pia kwamba kampuni haitumii habari hiyo kupanga nauli, nasi hatuna sababu ya kusema vinginevyo. Linalotuhusu ni jambo lenyewe: chaji ikipungua, nafasi ya mtu kuchagua nayo hupungua, na upande wa pili unaweza kuliona hilo. Mwaka 2018 Kai-Fu Lee, mwekezaji mashuhuri wa teknolojia, alieleza katika kitabu chake AI Superpowers jinsi programu ya mikopo ya Smart Finance nchini China ilivyotumia akili mnemba kuamua nani akopeshwe. Kati ya alama ndogondogo zilizopimwa, alitaja kasi ya mtu kuandika tarehe yake ya kuzaliwa, na kiwango cha chaji kilichobaki katika simu yake.

Ndugu wasomaji, tusimame hapo kidogo. Ni nani katika mazingira yetu ambaye simu yake huwa na chaji asilimia 6 saa mbili asubuhi? Ni yule ambaye nyumba yake haina umeme, anayepeleka simu kwenye kibanda cha kuchajia sokoni na kulipia. Ni kijana wa bodaboda anayeshinda barabarani. Ni mama lishe mwenye simu iliyokwisha kutumiwa na wengine, ambayo betri yake imechoka, naye hana fedha ya kununua nyingine. Ni ndugu anayemuuguza mgonjwa wodini na hana mahali pa kuchomeka chaja. Kompyuta iliyo mbali haiyajui haya yote. Yenyewe huona tarakimu, ikailinganisha na tarakimu za maelfu ya watu wengine, kisha ikatoa hukumu. Kwa njia hiyo ukosefu wa umeme unaweza kugeuzwa kuwa ukosefu wa uaminifu, na maskini akanyimwa mkopo, au akatozwa zaidi, kwa kosa la kuwa maskini.

Hayo ni kwa asilimia ya chaji tu. Takwimu za kina hufika mbali zaidi, kwa kuwa huzitaja programu kwa majina. Anayezisoma huona kwamba programu ya kubashiri matokeo ya mpira imetumika kwa saa kadhaa, kwamba kioo kilikuwa kimewaka usiku wa manane, kwamba ipo programu ya kumkumbusha mtu dawa zake. Usingizi wa mtu, ugonjwa wake, udhaifu anaopambana nao na hata sala zake huweza kuonekana kama mistari katika jedwali la umeme.

Hapa Tanzania malalamiko dhidi ya baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni hayajahusu betri, bali orodha ya majina. Mkopaji akichelewa kulipa, ndugu zake, mwajiri wake, hata watu waliomfahamu kwa mbali hupigiwa simu au kutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Mikopo yenye masharti ya kinyonyaji wananchi wameipa jina lao wenyewe: kausha damu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni, na kuwatahadharisha wananchi. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeunda Tume ya kuisimamia. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2019, na mwaka 2022 wakawaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya usimamizi wa Benki Kuu yao. Google nayo, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, ilizizuia programu za mikopo zilizomo katika duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mkopaji.

Hizi ni hatua njema zinazostahili pongezi. Hata hivyo, zinatufundisha jambo moja. Sheria hufunga milango mikubwa baada ya watu kuumia, na mlango mkubwa ukifungwa, kidirisha kidogo hupanda thamani. Anayetaka kumpima mkopaji, naye haruhusiwi tena kuona majina na picha, atageukia alama nyingine: aina ya simu, saa za kuitumia, hali ya chaji. Kwa hiyo haitoshi kuuliza ni habari gani imekatazwa leo. Yafaa kuuliza mkopeshaji asimame wapi.

Swali hili lina jibu la zamani sana. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 10 na 11, kinamwagiza anayemkopesha jirani yake asiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Asimame nje, na mkopaji mwenyewe amletee rehani hiyo. Sheria hii haikatazi mkopo, wala rehani. Inaweka mpaka kwenye kizingiti. Mwenye deni anabaki mwenye nyumba: ndiye anayeingia ndani, ndiye anayechagua cha kutoa, na mkopeshaji hapiti akikagua vyungu vyake na akiba yake ya unga. Sura hiyohiyo inakataza kuchukua rehani ya jiwe la kusagia, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu, na inaamuru vazi la maskini lirudishwe kabla ya jua kuchwa, apate kujifunika. Kwa mama lishe wa leo simu ni jiwe la kusagia, na pia ni nyumba: humo mna biashara yake, ndugu zake, siri zake na akiba yake.

Kanisa limeendelea kufundisha hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et spes ya mwaka 1965, namba 26, unahesabu ulinzi wa maisha ya faragha kati ya haki za kila binadamu. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 220, unakataza kuharibu jina jema la mtu na kuivunja haki yake ya kulinda faragha yake. Teolojia ya maadili nayo inatukumbusha kwamba ridhaa ya kweli hudai ujuzi na uhuru. Anayebonyeza neno «Ruhusu» bila kuelezwa kitakachosomwa amekosa ujuzi. Anayelibonyeza huku mtoto ana homa na duka la dawa linadai fedha taslimu amepungukiwa uhuru. Hivyo basi, tusiwatupie lawama zote walioruhusu. Mzigo mkubwa wa kimaadili uko juu ya yule anayeomba zaidi ya anachohitaji.

Pamoja na hayo, yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Anayetaka kujua kinachomaliza chaji aanze na sehemu ya betri katika mipangilio ya simu yake; humo mna orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imetumia, na kwa wengi hiyo inatosha. Akihitaji uchunguzi wa kina, achague programu inayojulikana, ambayo kazi yake ni betri tu na isiyodai majina wala ujumbe. Fundi akiitoa ruhusa hiyo kwa kompyuta, aombwe kuifunga tena sehemu ya watengenezaji wa programu. Ruhusa ya namna hii kwa kawaida haionekani katika orodha ya kawaida ya ruhusa. Kwa hiyo kazi ikiisha, programu iondolewe, na ruhusa itaondoka nayo. Programu ya mkopo, ya mchezo au ya tochi haina sababu ya kuomba takwimu hizo. Ikiziomba, ikataliwe. Kabla ya kukopa, mtu ahakikishe kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu; na aliyedhalilishwa apeleke malalamiko yake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi badala ya kunyamaza kwa aibu.

Juu ya yote, mtu mwenye mahali pa kukimbilia hafungui mlango wake usiku kwa asiyemjua. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, VICOBA na SACCOS za parokia zina nguvu ambayo programu haina: zinamjua mkopaji kwa jina, zinajua kwamba nyumba yake haina umeme, na zinajua pia kwamba mwaka jana alirudisha deni lake lote. Vijana wetu wanaoifahamu teknolojia wawasaidie wazee kuzikagua ruhusa katika simu zao baada ya Misa ya Dominika. Ni kazi ya robo saa. Nao waamini wanaokopesha, au wanaofanya kazi katika kampuni za mikopo, wajiulize mbele ya Mungu kama wangekubali wenyewe kupimwa kwa kipimo wanachowapimia wengine. Mkopo ukiwa wa haki, mkopeshaji anaweza kusimama nje na kungoja mlangoni, na bado akalipwa.