Spishi si Aina

Neno "aina" limebebeshwa mzigo mzito kuliko punda apandaye Mbulu siku ya mnada. Tunasema aina za maharagwe, aina za ng'ombe, aina za wanyama na, jambo linikeralo zaidi, aina za watu.

Wanabiolojia wana neno mahususi, nalo ni "spishi". Mwaka 1942 Ernst Mayr alieleza kuwa spishi ni makundi ya viumbe yanayozaliana kwa njia ya asili, yakiwa yametengana kiuzazi na makundi mengine. Tutazame mifugo. Farasi ana kromosomu 64, punda 62. Mtoto wao, baghala, hupata 63, ambazo haziwezi kupangika vyema jozi kwa jozi wakati wa kuunda mbegu za uzazi. Ndiyo maana karibu daima huwa tasa. Hizo ni spishi mbili. Lakini ng'ombe mwenye nundu wa Hanang akipandwa na fahali wa Friesian, chotara wao huzaa bila taabu. Wazazi hao wametofautiana mbari tu.

Kweli, kipimo hiki hakiwafai bakteria, wanaoongezeka kwa kujigawa, wala visukuku, ambavyo uzazi wake hatuwezi kuushuhudia. Hata hivyo, kwa wanyama tunaoishi nao kinatusaidia sana.

Wapo wasemao kuwa "spishi" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Nawauliza: "shule" tuliipata wapi, kama si kwa Wajerumani? Na "meza", kama si kwa Wareno? Neno geni lenye maana moja ni bora kuliko neno la zamani lenye maana kumi. Tayari "nyumbu" ni baghala na pia ni mnyama wa Serengeti, tusiongeze utata.

Utata huo una madhara. Katika Mbulu na Hanang, Wairaqw wana lugha ya Kikushi, Wadatoga ya Kiniloti, Wanyaturu ya Kibantu, na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda lugha isiyo na ndugu aliyethibitishwa. Anayewaita "aina" nne za watu huwafundisha watoto kuwa damu zao zimetengana, ilhali wakioana huzaa, na watoto wao huzaa. Ni spishi moja yenye lugha na desturi nyingi.

Nawasihi walimu na malenga wenzangu: tuseme "spishi" kwa viumbe, "mbari" kwa mifugo, "kabila" kwa watu, na "aina" libaki sokoni, kwenye maharagwe.