MIA YA NANI?



Lipo neno moja litembezwalo barazani na majukwaani kama kwamba ni hukumu ya kadhi: asilimia. Msemaji akishaitaja, wasikilizaji hunyamaza wakidhani hoja imekwisha. Sisi twasema hoja ndiyo kwanza yaanza, kwani asilimia ni sehemu katika mia, na asiyejua ni mia ya nani hajajua kitu.

Natutazame hesabu za visiwa vyetu wenyewe. Katika uchaguzi wa Oktoba 2010, Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa kupata asilimia 50.1 ya kura za Urais wa Zanzibar, na Maalim Seif Sharif Hamad asilimia 49.1. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa. Ukaitishwa mwingine tarehe 20 Machi 2016, na CUF ikatangaza kuususia. Jina la Maalim likabaki katika karatasi za kura. Matokeo yakatoka: Dk. Shein asilimia 91.4, Maalim asilimia 1.9.

Wako waliotoa humo hukumu kuwa upinzani umekufa, na kuwa Wazanzibari tisa katika kila kumi wako upande mmoja. Subhanallah! Mantiki gani hii? Asilimia 91.4 ni sehemu ya kura zilizohesabiwa, si sehemu ya watu wa Unguja na Pemba. Ukingoja wanunuzi wa mchele waondoke sokoni, kisha ukawahesabu waliobaki, ukatangaza kuwa mji mzima wala muhogo, umedanganya kwa hesabu iliyo sahihi.

Lakini mizani haina upande. Wamo miongoni mwetu wasemao kuwa kila asiyepiga kura siku ile ni wetu. Hilo nalo halithibiti. Asiyefika kituoni huenda alisusa, huenda aliugua, huenda alikuwa baharini, huenda hakitaki chama chochote. Kithibitikacho ni hiki tu: namba zile hazipimi nguvu ya chama kilichosusa. Hilo latosha kuiangusha hoja yao. Ya nini kuongeza uwongo juu ya haki?

Wala tusidhani sehemu ya kura ndiyo sehemu ya viti. Julai 1963 ASP ilipata kura 87,085, yaani asilimia 54.2, ikaambulia viti 13 katika 31. ZNP na ZPPP, kwa asilimia 45.8 za kura zao pamoja, zikatwaa viti 18 na kuunda serikali. Sababu yake ni kuwa kila jimbo lilihesabiwa peke yake, na kura zilizofurika katika jimbo moja hazikuvuka kulifaa jingine. Basi aliyetazama kura pekee asingejua nani atatawala, na aliyetazama viti pekee asingejua wapiga kura wengi walitaka nini. Wanachama wanaojivunia umati wa jimbo moja na wakumbuke hesabu hiyo.

Kurani imewaahidi adhabu wapunjao vipimo, na asilimia nayo ni kipimo. Kwa hiyo, ndugu, msemaji yeyote akiitaja mbele yenu, msimpigie makofi wala msimzomee kabla hamjamuuliza: mia ya nani, na nani hakuhesabiwa? Muulizeni hasimu wetu, na mtuulize na sisi.