Kabla ya Desa, Kitabu

Ndugu zangu, piteni steshenari yoyote iliyo karibu na shule ya sekondari. Juu ya kaunta mtakuta madesa: kurasa chache za fotokopi zilizobanwa pini, na ndani yake riwaya nzima imeshatafunwa. Dhamira hizi hapa, migogoro hii, ujumbe huu, wahusika na sifa zao. Kitabu chenyewe hapo hakiuzwi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nilikuwa desa linalotembea. Niliingia darasani, nikasimulia hadithi, nikajaza ubao kwa fani na maudhui, wanafunzi wakanakili. Siku ya mtihani majibu yalifanana hadi nukta. Niliwapa alama zao, maana walipatia, huku nikijua kwamba kati ya wanafunzi 62 waliofungua kitabu hawazidi watano.

Mwaka jana nikachoka. Nilichukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, kijitabu chembamba kinachosifiwa na wengi kuliko wanaokisoma. Si chepesi. Sentensi zake ni ndefu, na baadhi ya maneno hayasikiki tena hata huku Tanga alikozaliwa mwandishi. Shule ilikuwa na nakala 9. Nikazunguka kwa walimu wenzangu na wazee wawili wastaafu, nikaazima hadi zikatimia 21. Kila nakala watu watatu, wamebanana bega kwa bega. Sharti lilikuwa moja: dakika 20 hakuna anayesema, na wa kwanza kunyamaza ni mimi. Anayekwama aweke alama pembeni kwa penseli (nyepesi, vitabu vya watu vile) kisha aendelee. Kamusi itakuja baadaye.

Siku ya kwanza ilikuwa mateso. Walinitazama kama abiria wanavyomtazama dereva aliyezima gari porini. Binti mmoja akashindwa kuvumilia: "Mwalimu, si utuambie tu?" Ulimi uliniwasha. Nikamwambia arudie ukurasa ule ule.

Wiki ya tatu binti huyo akanyoosha mkono. Katika kitabu walikuwa wamefika kwenye kesi ya barazani: Karama, mhusika mkuu, ameshitakiwa kwa kufundisha watu sheria, na anayemshitaki ni waziri aitwaye Majivuno. "Mwalimu, mbona huyu hajitetei? Kila akisimama anasimulia habari za watu wengine, wale wajumbe waliotumwa wakarudi wakafungwa." Darasa likawaka. Mmoja akasema Karama anavuta muda. Mwingine akakataa: hapana, anawashitaki wao mbele ya mfalme wao. Wakafunua kurasa kutafuta ushahidi, wakapigana vijembe, kengele ikalia hawajamaliza. Swali lile sijaliona kwenye desa lolote. Na niseme ukweli, nami sikuwahi kujiuliza, miaka yote niliyofundisha kitabu kile.

Najua nitaambiwa mtihani hausubiri na mada ni nyingi. Ni kweli. Lakini mwanafunzi aliyezoea kutafuniwa atakapowekewa mezani mkataba wa mkopo, kurasa sita za maandishi madogo, atamwita nani amsimulie? Wapo pia wanaosema vitabu vigumu ni vya wenye vipaji. Binti niliyemtaja alikuwa wa 48 darasani.

Kwa hiyo nawaomba. Wazazi, mtoto akija na ombi la hela ya desa, muulizeni kwanza kitabu kiko wapi. Kikiwashinda bei, changeni kaya tatu mnunue kimoja. Wenye steshenari, nanyi ni wazazi: wekeni riwaya mbili tatu kwenye kaunta hiyo hiyo. Wakuu wa shule, tuachieni kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma, bila kutudai notsi ubaoni. Mthibiti ubora akichungulia dirishani akakuta darasa kimya na mwalimu amekaa, asiandike kwamba hakuna somo. Somo ni lile.

Walimu wenzangu, kwetu ndiko kugumu zaidi, kwa sababu tunapenda kusikika. Mwanafunzi akikwama, tusimrukie na jibu. Tumuulize amekwamia neno gani, sentensi iliyotangulia ilisemaje, na mwenzake wa pembeni ameielewaje. Tukiona kimya kinatutisha, nasi tufungue nakala tusome.

Na ninyi mliomaliza shule zamani, riwaya na tamthilia zenu zimelala makabatini na sandukuni, mende wanazifaidi. Zipelekeni shule iliyo jirani kabla muhula haujafunguliwa. Ya mstari ubavuni, iliyochanika jalada, yenye jina la mchumba wa zamani, zote zinasomeka. Darasani kwangu zimebaki nakala 41 ili kila mmoja awe na yake.