Samaki Ndani ya Kioo

Mtu wa Vitengeni atakaye kufuga samaki wa mapambo katika sanduku la kioo, asianze na samaki, bali majani. Atandaze mchanga uliooshwa vema, apande majani ya majini, atie maji, kisha angoje majuma kadhaa. Mwenye haraka huwakuta samaki wake wakielea, akadhani wamerogwa. Kumbe kinyesi chao kimetia maji sumu, na majani ya kuinyonya hayajashika mizizi. Tena asimwage maji yote kila juma, kwani huko maji si kitu cha kuchezea. Robo yatosha, nayo aumwagie mchicha wake. Wale samaki wa rangi wa vidimbwi vya mvua vya pwani wapendeza mno, lakini umri wao ni miezi tu. Mayai yao ndiyo yalalayo katika tope kavu, yakingojea masika.