KIDOLE CHA MFANYAKAZI SI KISHIKIO CHA FILAMU



Sisi watu wa reli tukaao Mweiga na kufanya kazi Kiganjo na Naro Moru twauliza neno moja: kwa nini msaidizi wa daktari wa meno aamrishwe kushika filamu ya eksirei kwa kidole chake kinywani mwa mgonjwa? Wake zetu, dada zetu na binti zetu wamo katika kazi hiyo. Habari yao ni habari yetu.

Matajiri wengine hujibu, "Mashine ni ndogo, haina dhara." Hiyo ni nusu ya kweli. Kwa mgonjwa, picha moja ya jino humpa mionzi kama ile aipatayo kila siku kutoka ardhini na angani. Asiogope. Lakini mgonjwa huenda zake nyumbani. Msaidizi hubaki kumpokea wa pili na wa ishirini, leo na kesho na mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba. Tena kidole kinachoshika filamu kimo katikati ya njia ya mionzi, kama mtu aliyelala juu ya reli.

C. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans, Marekani, alianza kutumia eksirei mwaka 1896. Mionzi ilimharibu vidole, akakatwa mkono, na mwaka 1928 akajiua. Siku zile hatari haikujulikana vema. Leo yajulikana, basi asiyewakinga watu wake hana udhuru.

Tazameni pakiti ya filamu. Nyuma ya filamu mmewekwa karatasi nyembamba ya risasi ili kupunguza mionzi ipitayo. Aliyetengeneza pakiti alifikiri juu ya kinga. Je, mwenye kliniki amefikiri?

Twadai haya:

1. Kila chumba kiwe na kishikio cha filamu. Mtoto asiyetulia ashikwe na mzazi aliyevaa aproni ya risasi, si na msaidizi kila siku.

2. Msaidizi asimame mita 2 au zaidi, au nyuma ya ukuta wa kinga, wala asikae mbele ya mdomo wa mashine. Ukizidisha umbali mara mbili, mionzi hupungua mara nne.

3. Inunuliwe filamu ya haraka. Aina ya F yataka kama nusu ya mionzi ya aina ya D, au chini yake. Tajiri asiweke akiba kwa miili ya watu.

4. Kila mfanyakazi wa mionzi apewe beji ya kupima, naye aonyeshwe hesabu yake. Beji haikingi, yapima tu. Kipimo cha kimataifa kisichopitwa ni milisiverti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5.

Hatuombi sadaka. Kenya ilitunga sheria ya kukinga watu na mionzi mwaka 1982, na sheria ya 2019 ikaweka mamlaka ya kusimamia jambo hili na kutoa leseni. Katika reli dereva haondoi gari bila idhini, hata mkubwa akifoka. Kwa nini mashine ya eksirei iwashwe bila kanuni?

Ndugu msaidizi, ukiambiwa "Shika," jibu kwa adabu: "Nipe kishikio." Ukionewa kwa neno hilo, njoo chamani. Hatutakuacha peke yako.

Umoja ni nguvu.